Ombi la Kuihamisha Familia Isiyokuwepo

Kwa Dada Mkubwa,
Mwenye nyumba.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU NYUMBA YAKO ISIYO NA MTU, NA WATU WANAOISHI NDANI YAKE

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, tena zaidi ya mzima, maana suruali zangu zote nimezilegeza kiunoni inchi mbili. Sababu yake nitaieleza katika kifungu cha nne, kwa kuwa napenda mambo yaende kwa utaratibu na nimeapa kuimaliza barua hii bila kupandisha sauti.

Utakumbuka kwamba mwaka jana ulinitumia kipande ulichokikata kwenye gazeti, chenye kichwa "Hatari Tisa za Kuacha Nyumba Bila Mtu". Nimekibandika kibandani kwangu, ukutani juu ya pasi. Wezi, moto, mabomba kupasuka, panya, mchwa, unyevu, majani kufika dirishani, wavamizi, na majirani kuugeuza ua kuwa jalala. Pembeni uliandika kwa mkono wako: "Mdogo wangu, ifanye ionekane ina watu. Usimwambie mtu, hata mkeo, maana siri ya watatu si siri. Mimi mwenyewe narudi mwezi ujao." Mwezi ujao umeshapita mara kumi na tatu. Hilo si lalamiko, nalitaja tu.

Nilitii. Sina mbwa, sina taa za kujiwasha zenyewe, na siwezi kulala huko kwa sababu nina nyumba yangu na mke ndani yake (kuhusu mke, tazama kifungu cha tano). Nilicho nacho ni gunia. Kila fundi cherehani analo: gunia la nguo ambazo wateja walisema watazifuata kesho, na hiyo kesho haijafika. Humo nilichagua kwa uangalifu. Koti jekundu lenye vishikizo vya dhahabu pamoja na suruali yake, mali ya bawabu mmoja wa hoteli, mtu mrefu kama mlingoti. Gauni la mjamzito lenye madoa meupe, ambalo mwenyewe alijifungua kabla sijalitia pindo. Sketi moja na kaptura moja za sare ya shule. Nikazibana kwenye kamba ya uani kwa vibanio vile vile vya mama, vilivyo kwenye kopo la maziwa, kisha nikaenda kazini nimeridhika na akili yangu. Kwa mpita njia, nyumba yako ilikuwa na baba, mama, watoto wawili, na mwingine njiani.

Katika zile hatari tisa za gazeti haijatokea hata moja. Yaliyotokea ni haya.

1. Matone. Siku ya tatu nilisimamishwa njiani na Mama Darubini, yule jirani wa nyumba ya pili ambaye jina hilo alipewa na mama yetu mwenyewe kwa sababu ya kiti chake cha dirishani. "Fundi," akaniambia, "hao wapangaji wa dada yako wanafulia nini? Wanaanika asubuhi, na chini hata tone!" Wezi hawaangalii matone, dada, lakini Mama Darubini anaangalia. Tangu siku hiyo nafua. Saa kumi na mbili asubuhi naingia uani kwako kwa mlango wa nyuma, nachuchumaa kwenye beseni, nafua nguo safi za watu nisiojua waliko, nazianika, ndipo naenda kufungua kibanda. Koti la bawabu lilianza kupauka mabegani. Mikono yangu, ambayo ndiyo kazi yangu, imechubuka kwa sabuni hadi inakwaruza kitambaa.

2. Elimu. Jumanne moja saa nne asubuhi, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alipita akaziona sare za shule yake zikipepea kambani. Sare ikiwa kambani siku ya masomo, mtoto yuko wapi? Alipiga hodi, hakuitikiwa, akapenyeza barua chini ya mlango akimtaka mzazi au mlezi aeleze sababu ya utoro. Ningeweza kuzitoa sare, lakini Mama Darubini angesema watoto wamefukuzwa shule, na mimi sikuwa tayari kuwaharibia jina. Nikajibu kwa adabu kwamba watoto wana surua. Nikatia sahihi pale palipoandikwa "mzazi au mlezi". Sahihi hiyo, dada, ndiyo kosa langu la kwanza, na nakuomba uikumbuke tukifika mbele.

Sasa sare zinaanikwa Jumamosi tu, na kabla ya kuzifua huwa nazitia vumbi, kwa sababu kaptura isiyo na vumbi matakoni haina mtoto ndani yake. Aidha nimeitwa kwenye kikao cha wazazi. Nilikwenda. Nimechaguliwa kwenye kamati ya nidhamu.

3. Ulinzi. Lile koti la vishikizo vya dhahabu, mtaa uliamua kwamba ni la afisa. Afisa wa nini hakuna ajuaye, na kutojua huko ndiko kulikompandisha cheo. Mwenyekiti wa mtaa, ambaye kwa miaka sita alikuwa akiniitikia salamu kwa nyusi, alianza kunishika mkono na kuuliza, "Mkubwa yupo?" Nikijibu kwamba hayupo, anatikisa kichwa kwa heshima: wakubwa huwa hawapo. Mwisho akaleta barua ya kumwomba mkubwa awe mlezi wa ulinzi wa mtaa mzima, na kwa kuwa hakujibiwa, kamati ya mtaa ikaandika kwamba amekubali. Kweli vibaka wamepungua. Lakini watu wameacha kufunga mageti, wanasahau baiskeli nje, na wote hao wanalindwa na koti. Mimi peke yangu ndiye ninayelijua hilo, na ndiyo maana silali.

Hapa utaniuliza, mbona hawashangai kwamba familia nzima haionekani? Nami nilijiuliza. Jibu ni kwamba kila mmoja anaamini mwenzake amewaona. Mwenyekiti anasema Mama Darubini huongea nao. Mama Darubini, ambaye hawezi kukubali kwamba kuna mtu mtaani asiyemjua, anasema yule mama ni mpole lakini ana majivuno kidogo, halafu hapendi kutazama watu machoni. Nimemsikia kwa masikio yangu. Nilitaka kubisha, nikajikuta namtetea.

4. Uzazi. Gazeti lako halikusema lolote juu ya jambo hili. Gauni la mjamzito lilipofika mwezi wa tisa kambani, na wanawake wa mtaa wakikumbuka kwamba lilianza likiwa tayari la tumbo kubwa, minong'ono ilianza. Wakamtuma muuguzi wa zahanati. Muuguzi huyo si mtu wa kupiga hodi akaondoka. Alizunguka nyuma, akanikuta nimejikunja kwenye beseni nalifua lile gauni. "Fundi, mwenye gauni yuko wapi?" Akachungulia dirisha la jikoni, akachungulia la sebuleni, akarudi. "Humu hamna mtu," akasema.

Nilimweleza yote, na hapo siri yako ikawa ya watatu. Naomba radhi. Alicheka kidogo, akaapa kunyamaza, akanishauri kitaalamu kwamba mama huyo ajifungue kabla ya Ijumaa kwa usalama wake na wangu. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza: "Na kama humu hamna mtu, kwa nini mimi nalala chumba kimoja na watoto wawili na baba yangu mzee?" Swali hilo nalileta kwako, kwa sababu mwenye nyumba ni wewe. Mimi nilitazama beseni.

Ijumaa nilishona fulana mbili za mtoto mchanga na nepi sita kwa vipande vilivyobaki mezani, nikazianika. Dada, mtaa ulifurahi! Kwa muda wa wiki sita akina mama waliacha supu mlangoni, asubuhi na jioni, kwenye chupa za kuhifadhi joto, supu ya mzazi, nzito, yenye pilipili manga. Kuiacha mlangoni ni kuwatukana. Kuimwaga ni dhambi. Niliinywa yote, nikaosha vyombo, nikavirudisha na shukrani za mama wa mtoto. Ndiyo hizo inchi mbili.

5. Ndoa. Mtoto alipotimiza miezi mitatu, bawabu wa hoteli alikuja kibandani na risiti ya miaka miwili iliyopita akidai koti na suruali. Mali ni yake, nilimpa. Alilalamika limepauka, nikamwambia ni kitambaa. Kwa hiyo alasiri moja tu, kwenye kamba yako, baba akatoweka: koti na suruali, vyote kwa mkupuo. Na mzazi akabaki peke yake na kichanga.

Mtaa ulimlaani yule afisa kwa siku tatu. Siku ya nne ukaanza kujumlisha. Nani anaingia humo kila alfajiri kwa mlango wa nyuma, ana ufunguo? Fundi. Nani anatoka na chupa za supu, midomo inang'aa? Fundi. Nani alitia sahihi shuleni pale pa mlezi? Nani amenenepa? Na mume wa watu angeondoka bure bure?

Wifi yako ni msusi, na unajua habari yoyote ya mtaa hupita kwenye kiti cha msusi kabla ya kufika kwa mwenyewe. Aliletewa hii na mteja ambaye nywele zake zilikuwa nusu zimesukwa, nusu bado. Akazimaliza zote, hakuruka hata msuko mmoja, kisha akarudi nyumbani akaniuliza kwa utulivu. Nikamjibu ukweli mtupu: "Mke wangu, katika nyumba ile hamna mwanamke." Dada, nimekuja kutambua kwamba hiyo ndiyo sentensi ambayo wanaume wote husema. Akaomba ufunguo akajionee. Nikakumbuka maandishi yako, "hata mkeo". Nikamnyima. Yupo kwa mama yake, leo siku ya kumi na tisa. Mama mkwe amenitumia ujumbe mmoja tu, kwamba hongera ya mtoto.

6. Lalamiko la sita halihusu majirani. Kila asubuhi nikimaliza kuanika, napita chumba cha mbele, pale dirishani palipokuwa na cherehani ya mama. Mashine ninayo kibandani, ulikubali mwenyewe niichukue, lakini sakafuni zimebaki alama za miguu yake minne, na mbele ya alama hizo saruji imebonyea kidogo, pale alipokuwa akiegemeza kisigino miaka yote aliyokanyaga ile pedali ili tule, tusome, na wewe uende huko uliko. Nimejikuta napafagia hapo peke yake. Nyumba nzima ina vumbi, isipokuwa hapo.

Nina hasira na wewe, dada. Nilisema sitapandisha sauti na sijapandisha, nasema tu. Ulikuja siku ya mazishi ya mama, ukafunga chumba chake, ukautia ufunguo mkobani, ukaondoka kesho yake. Hutaki kuuza. Hutaki kupangisha. Ulisema huwezi kufikiria mgeni akitembea mle. Basi natembea mimi, kila siku, peke yangu, nimebeba beseni. Aliyetuzaa ni mmoja, lakini anayefagia ni mimi tu.

Kutokana na maelezo hayo, naomba kwa heshima na taadhima yafuatayo:

(a) Uandike notisi rasmi, kama mwenye nyumba, ya kuitaka familia hiyo ihame ndani ya siku thelathini. Siwezi kuziondoa nguo mimi, maana itasemekana nimemtupa nje mzazi na kichanga chake baada ya kumharibia ndoa. Lazima itoke kwako. Sababu unaweza kuandika "matumizi mabaya ya kamba". Umtaje na mtoto, tena kwa upole, kwa kuwa notisi itabandikwa mlangoni na Mama Darubini ataisoma kabla ya wahusika.

(b) Ukubali nyumba apewe yule muuguzi. Ana watoto wawili wa kweli, wenye vumbi lao wenyewe. Atakuja kesho asubuhi kuitazama. Akihamia, wifi yako atamwona, atamwamkia, atawaona watoto na mzee, na mimi nitarudishiwa ndoa yangu.

(c) Utume ufunguo wa chumba cha mama.

Nyumba bila mtu inaalika mabaya, hilo gazeti limesema kweli. Ila waliotajwa mle ni wabaya tu, na mimi mwizi ningemweza. Walionishinda ni watu wema.

Nisalimie shemeji na watoto, nisalimie majirani zako kama unawajua, na unisalimie huyo bosi wako anayekunyima likizo kila mwezi ujao. Mama Darubini anakusalimu na anauliza kodi unatoza kiasi gani. Mwenyekiti anakusalimu. Mwalimu mkuu anakusalimu na anasema watoto wana maendeleo mazuri, jambo ambalo sijalielewa. Familia iliyo nyumbani kwako nayo inakusalimu, ingawa nimekwisha kueleza kwamba haipo.

Ni mimi mdogo wako mtiifu,
Fundi Cherehani,
Msimamizi wa nyumba, mjumbe wa kamati ya nidhamu.

Nakala: hakuna, kwa ajili ya siri.

Tanbihi: Jana nilikuta posta imefungwa, kwa hiyo barua bado ninayo na naongeza machache.

Muuguzi alikuja jana asubuhi kama alivyoahidi. Na wifi yako alikuja pia, kwa sababu juzi usiku uvumilivu ulinishinda, nikampelekea ufunguo kwa mama yake na kumweleza yote, hadi supu. Hakuamini hata neno. Alikuja kukagua. Alifungua makabati, akainama chini ya vitanda, akanusa mapazia. Halafu akaliona gunia langu jikoni na beseni kando yake, akakaa chini sakafuni akacheka mpaka akapata kwikwi. Akaniambia mimi ni mjinga. Aliniambia kwa sauti ambayo nilikuwa nimeikosa siku kumi na tisa.

Muuguzi wakati huo alikuwa anapima vyumba kwa hatua. Ni mtu safi, dada, hana makuu. Alifika chumba cha mbele, akasimama dirishani, akagusa sakafu kwa ncha ya kiatu. "Hapa pamebonyea," akasema. "Nitapaziba kwa saruji, nitandike zulia la plastiki, kochi likae hapa." Alisema kweli. Mtu anayelipa kodi hawezi kukaa na shimo la mtu mwingine. Nikafungua mdomo nimwambie hakuna shida.

"Samahani, muuguzi," nikajisikia nasema, "nyumba ina watu."

Alinitazama, yeye aliyechungulia madirisha yote kwa macho yake. Kisha akamgeukia wifi yako, akitegemea msaada kutoka kwa mtu mwenye akili. Wifi yako alikuwa anatazama ile sehemu iliyofagiliwa. Akasema bila kupepesa: "Ndiyo, dada yangu. Kuna mzazi humu, ana mtoto mchanga. Tutamhamishia wapi?"

Muuguzi alitutazama kama anavyowatazama watu wa kulazwa. Mlangoni aliniuliza tena lile swali lake, polepole, na mimi nikamshikia mlango atoke. Naona aibu, dada. Nakuandikia nikiwa na aibu hiyo, na hata hivyo sijamfuata kumrudisha.

Basi ombi la (a) na la (b) uyafute. Notisi usiandike. Ufunguo wa chumba cha mama usiutie kwenye bahasha, uje nao mkononi.

Mkoba wa wifi yako umerudi nyumbani tangu jana. Manyunyu yalipoanza alitoka yeye kuanua nguo, akaishika ile fulana ya mtoto, akaipima kwa kiganja. Anasema mtoto sasa ana miezi minne, na Mama Darubini si mjinga. Kwa hiyo ukirudi mwezi ujao, njoo na nguo za mtoto wa mwaka mmoja. Ningeweza kuzishona mwenyewe, lakini nataka uzilete wewe.